NINI MAANA YA KUTIMIZA?



Kuna neno moja ambalo siku hizi halikosi katika hotuba yo yote wala katika taarifa yo yote, nalo ni "mafanikio", pamoja na ndugu zake "kutimiza", "kutekeleza" na "kukamilisha". Jiwe la msingi likiwekwa, hayo huitwa mafanikio. Mkutano ukiitishwa, hayo ni mafanikio. Wageni wakija, wakapewa madafu, wakatembezwa na wakaondoka, hayo nayo huandikwa kuwa ni mafanikio. Wala tusiwatazame watawala peke yao. Taarifa za matawi yetu wenyewe, ambazo huletwa ili zisomwe na wanachama wote, nazo zimeanza kuandikwa kwa kalamu ile ile.

Huenda mtu akatuuliza: watu wana shida ya maji na bei ya unga, nyinyi mwakaa kubishana juu ya maneno? Jawabu yetu ni kwamba shida ya maji na shida ya maneno ni ndugu wa baba mmoja. Mtu akikwambia kwamba maji yamefika kijijini kwako, na mfereji ni mkavu, kwanza amekunyima maji, na pili amekunyima hata haki ya kuyadai, maana kitabuni umekwisha kuandikwa kuwa umepata. Asiyejua maana ya kutimiza hawezi kujua ni lipi lililobaki. Na asiyejua lililobaki hawezi kulidai.

Kisha sisi watu wa visiwa tuna wajibu zaidi katika jambo hili. Lahaja yetu ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kinachosomeshwa Afrika Mashariki nzima. Haielekei basi kwamba wenye kisima wanywe maji machafu.

KUISHA NA KUTIMIA

Wazee wetu wametuachia methali mbili ambazo tukiziweka pamoja zatupa somo zima. Ya kwanza yasema: bandu bandu huisha gogo. Ya pili yasema: haba na haba hujaza kibaba. Zote mbili zaeleza kazi ya kidogo kidogo inayofika mwisho wake. Lakini itazameni miisho yenyewe. Gogo limebanduliwa hata halipo tena, hilo limekwisha. Kibaba kimejazwa hata hakipokei tena, hicho kimetimia. Njia ni moja, na mwisho wa moja ni utupu na wa nyingine ni ujazo.

Sisi wenye maduka twaijua tofauti hii kila jioni. Mfuko wa sukari ukimalizika hatusemi kwamba umetimia, twasema umekwisha. Ndipo tukafungua mtoto wa meza tukahesabu fedha zake kama zimetimia. Na mara nyingi mfuko huisha na fedha zisitimie, kwa kuwa sukari nyingine imekopwa, nyingine imemwagika na nyingine imeliwa na panya. Mwenye duka anayefurahia kuisha kwa mfuko pasi na kuhesabu fedha, mwaka ujao hatumkuti pale pale.

Sasa tuangalie taarifa nyingi za miradi. Huandikwa kwamba fedha zote zilizotengwa zimetumika, na jambo hilo huwekwa katika fungu la mafanikio. Hiyo ni khabari ya mfuko kuisha. Bado hatujaambiwa khabari ya kibaba. Fedha za barabara zaweza kuisha na barabara isitimie, kama vile muda wa uongozi waweza kuisha na ahadi zake zisitimie. Kwisha kwahitaji kutumia tu, na kutumia hata mpumbavu aweza.

KIPIMO HUTANGULIA

Neno "timia" asili yake ni Kiarabu, na kwa mzizi huo huo ndiko tulikopata "timamu", kama tusemavyo kwamba fulani ana akili timamu. Kitu hakiwezi kutimia illa kilikuwa na kipimo kilichowekwa kabla. Ndiyo maana twasema ahadi imetimia, nadhiri imetimia, hesabu imetimia, mwezi umetimia siku thelathini. Katika kila moja ya hizo kuna kiasi kilichojulikana kabla ya kazi kuanza. Hatusemi kwamba upepo umetimia wala kwamba kelele zimetimia, kwa kuwa hakuna aliyezitia miadi.

Hapa ndipo penye hila ya kwanza. Mtu hufanya alilolifanya, kisha baada ya kulifanya ndipo akaandika kipimo kilingane nalo. Huyo ni sawasawa na mwenye duka anayekumiminia mchele kwanza, kisha akatafuta kibaba cha kulingana na alichomimina. Amekupa mchele, hatukatai, na huenda ukawa mchele mzuri. Lakini hakupima.

Na kuna hila ya pili, nayo ni ya miaka. Twasikia kila mara kwamba jambo fulani limetimiza miaka kumi, au ishirini, au sitini, na ngoma zikapigwa. Basi na tufahamu ya kwamba miaka hutimia yenyewe. Humtimilia mfalme na humtimilia mfungwa, humtimilia mwenye bidii na mvivu aliyelala barazani. Hatuna ugomvi na sikukuu, maana watu wanahitaji kukumbuka na kufurahi. Illa kutimiza miaka ni sifa ya kalenda, na mwenye kutaka sifa yake mwenyewe atuonyeshe ni lipi alilolijaza katika miaka hiyo.

KAMILI

"Kamili" na "timilifu" aghlabu huchanganywa, na katika mazungumzo ya kila siku hapana dhara. Lakini wajuzi wa lugha ya Kiarabu wametofautisha kati ya mizizi hii miwili, na katika aya ya 3 ya Surat al-Maida vitendo vyake vimekaa karibu karibu, kimoja kikatumika kwa dini na kingine kwa neema, wala halikurudiwa neno moja mara mbili. Kwa ufupi, kilichotimia ni kile kilichofika kiasi chake, na kilichokamilika ni kile kisichokuwa na nuksani katika sifa zake.

Tuchukue mfano wa chombo. Mbao zikitimia idadi, chombo kimeundwa. Lakini bado hakijakamilika mpaka kitiwe kalafati, na baada ya kalafati ndipo kipakwe sifa, yaani yale mafuta ya papa yanayolinda mbao. Mafundi wetu hawakosi utaratibu huo. Leo tunaona watu wanaoanza kwa sifa, kalafati wataitia baadaye. Chombo cha namna hiyo hung'ara kikiwa pwani, na maji kikiingizwa hupata kuonekana kilivyo. Wazee waliposema kwamba vyaelea vimeundwa, hawakusema kwamba vyang'ara vimeundwa. Ushahidi wa uundaji ni kuelea.

Skuli yenye kuta, paa na kibao cha jina, na ndani yake hamna mwalimu wa hesabu wala madawati ya kutosha, imetimia kwa hesabu ya majengo na haikukamilika kwa hesabu ya elimu. Kituo cha afya kilichofunguliwa kwa utepe, na mgonjwa akaambiwa dawa akanunue mjini, vivyo hivyo. Mwenye kutoa taarifa akitaka kusema kweli na aseme: jengo limetimia, huduma haijakamilika. Maneno hayo manne hayana aibu yo yote. Aibu iko katika kuyaficha.

KUHITIMU NA SHAHIDI WAKE

Neno la tatu ni "hitimu", ambalo asili yake ni kupiga muhuri. Barua iliyokwisha kupigwa muhuri haiongezwi neno wala haipunguzwi. Kila aliyepita chuoni alijua neno hili kabla ya kujua kuandika jina lake. Mtoto huanza na juzuu ya 30, yenye sura fupi fupi, kisha hupanda juzuu kwa juzuu. Hapana mwalimu aliyemwambia mtoto "umehitimu" kwa kuwa amefika Yasini, wala kwa kuwa ana sauti nzuri, wala kwa kuwa baba yake ni mtu mkubwa. Juzuu ni 30 na sura ni 114. Atakapozimaliza ndipo amehitimu, na ndipo khitma isomwe na watu waitwe wale.

Lakini katika jambo hili kuna siri kubwa kuliko hesabu ya juzuu, nayo ni ya kwamba mtoto hajihitimishi. Husoma mbele ya mwalimu, na mwalimu ndiye asemaye. Mtoto akirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba amejisomea peke yake chini ya mwembe na amejipa khitma, mama atacheka, kisha atamrudisha chuoni. Vivyo hivyo katika biashara: mawe ya mizani hukaguliwa na kupigwa muhuri na mtu asiyekuwa mwenye duka. Si kwa kuwa kila mwenye duka ni mwizi. Ni kwa kuwa hata mwema hapasi kuwa shahidi wa mizani yake mwenyewe.

Basi tumekwisha kupata masharti matatu ya neno hili. La kwanza, kipimo kitangulie kazi. La pili, kisibaki cha kupungua, na kama kimebaki kitajwe. La tatu, ashuhudie asiyekuwa mtendaji. Jambo lililokosa moja katika hayo laweza kuwa ni juhudi, laweza kuwa ni mwanzo mwema, laweza kuwa ni msaada wa kushukuriwa. Kutimiza bado.

MIFANO MIWILI YA MARADHI

Asije mtu akasema kwamba masharti haya ni ya chuoni na dukani tu, na kwamba mambo makubwa ya dunia hayapimwi hivyo. Tutazame khabari ya ndui. Maradhi haya yaliua na kupofua watu kwa karne nyingi. Mtu wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana katika mji wa Merca, Somalia, katika mwambao huu wetu wa Bahari ya Hindi, mwezi wa Oktoba 1977. Je, siku ile alipopona, Shirika la Afya Duniani lilipiga ngoma? Halikupiga. Sharti lililowekwa kabla lilikuwa ni kwamba nchi ikae miaka miwili kamili, watu wakitafuta kwa bidii, na asionekane mgonjwa. Tena tume ya wataalamu wa nje ikaundwa ikague. Tume ikatia saini mwezi wa Desemba 1979, na tarehe 8 Mei 1980 ndipo dunia ikatangaziwa kwamba ndui imetoweka. Kipimo kilitangulia, hakikubaki cha kupungua, na shahidi alikuwa mwingine. Tangu hapo ndui haijaonekana tena kwa watu. Neno lililokawia kusemwa limedumu.

Sasa tutazame khabari ya malaria hapa hapa visiwani kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilianza kazi kubwa, kwa msaada wa Shirika hilo hilo, ya kupiga dawa majumbani ili kuondoa malaria. Kazi ilifanywa kweli na maradhi yakapungua sana, Unguja na Pemba. Lakini mwaka 1968, ilhali malaria imepungua na haijaondoka, kazi ikasimama, na baada ya miaka michache malaria ikarudi kama kwamba haikuwahi kupigwa vita. Ikaanza tena kazi ya dawa katika miaka ya 1980, ikasimama mwaka 1989, na malaria ikarudi tena. Mara ya tatu, tangu mwaka 2003, zikaletwa dawa mpya za kutibu, kisha vyandarua na kupiga dawa majumbani, na maradhi yakashuka hata vipimo vikaonyesha chini ya mtu mmoja katika kila mia. Haya ni mambo makubwa na kila mwenye insafu atayashukuru. Hata hivyo bado wagonjwa wanapatikana, na kila bidii ilipolegea idadi yao iliongezeka.

Tofauti ya mifano hii miwili ni tofauti ya maneno mawili tunayoyaeleza. Kule walingoja kutimia. Huku, mara mbili, kupungua kulikubaliwa badala ya kwisha, na gharama yake ikalipwa na watoto. Mtu akikwambia kwamba maneno hayaui, mkumbushe mwaka 1968.

KUTEKELEZA

Katika siasa zetu neno linalotumika zaidi ni "kutekeleza". Nalo limechanganywa na "kutia saini". Mkataba ukitiwa saini, watu hushikana mikono, picha hupigwa, na kesho yake husemwa kwamba amani imepatikana. Lakini saini ni ahadi, na wazee wamesema ahadi ni deni. Je, kuna mtu aliyewahi kusema kwamba deni limelipwa kwa kuwa limeandikwa daftarini? Sisi tunaokopesha twajua kwamba siku deni linapoandikwa ndiyo siku linapoanza kudaiwa.

Muafaka wa kwanza kati ya vyama viwili vikubwa vya hapa ulitiwa saini mwaka 1999. Humo mlikuwamo ahadi za kurekebisha mambo ya uchaguzi. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulifika na ahadi kubwa kubwa hazikutekelezwa, na Januari 2001 damu ikamwagika. Ikabidi kuandikwa muafaka wa pili, tarehe 10 Oktoba 2001. Kisha yakaja maridhiano, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na thuluthi mbili hivi wakasema ndiyo. Hapo twakiri kwamba lilitimia jambo moja kwa masharti yake yote: swali lilijulikana kabla, kura zikahesabiwa, na waliohukumu ni wananchi. Lakini walikuwapo waliodhani ya kwamba kutimia kwa kura ni kutimia kwa maridhiano yenyewe. Tarehe 28 Oktoba 2015, matokeo ya uchaguzi yalipofutwa, kila mmoja akaona kwamba lile lililoitwa limekamilika lilikuwa bado lina tundu ambalo halikutiwa kalafati.

Hatuyataji haya ili kufukua makaburi. Twayataja kwa kuwa katika historia yetu neno "limetimia" limesemwa mapema mara nyingi, na kila liliposemwa mapema lilitulaza usingizi.

MTENDAJI ALIYEFICHWA

Kiswahili ni lugha tajiri, na utajiri wake hutumika kwa wema na kwa uovu. Tazameni jinsi taarifa zinavyoandikwa. Jambo likiwa jema, mtendaji hutajwa kwa jina na cheo: fulani amejenga, fulani amekamilisha, fulani ametimiza. Jambo likiwa baya, mtendaji hutoweka: mradi umekwama, fedha zimepotea, kazi imechelewa. Kama kwamba mradi una miguu ukaenda wenyewe topeni, na fedha zina mbawa. Hapana hata siku moja tuliyosoma "nimeukwamisha mradi" au "tumezipoteza fedha".

Basi kila mwanachama anaposoma taarifa na aulize swali moja jepesi la sarufi: ni nani? Nani aliyekwamisha? Nani aliyepoteza? Na kwa insafu tuulize vivyo hivyo upande wa pili, maana mara nyingi mfereji uliojengwa kwa mikono ya wanakijiji, kwa mchanga wao na jasho lao, huzinduliwa kwa jina la mtu aliyefika asubuhi ile ile kukata utepe.

Na hapa lifaa kutajwa neno "mafanikio" lenyewe. Shina lake ni "kufana", yaani kutokea vizuri, kama arusi inavyofana. Mtu husema "nimefanikiwa", na umbo hili ni la kutendewa: mambo yamemfania. Ndani ya neno lenyewe basi mna unyenyekevu, kwamba mtu alifanya bidii, na mambo yakamwendea vyema kwa rehema ya Mola na kwa msaada wa wenziwe. Anayelichukua neno hili akalifanya la kujivunia amelivua nguo yake.

SISI WENYEWE JE?

Sasa twageukia nyumbani, kwa kuwa mwenye kuosha uso wa mwenziwe na uso wake usiwe na masizi.

Twapata taarifa kutoka matawini zisemazo: "Mkutano ulifanikiwa sana, watu walijaa." Twafurahi. Lakini mkulima wa karafuu atakwambia kwamba karafuu mbichi hazihesabiwi kuwa ni kavu. Ratili tatu hivi za mbichi, zikianikwa juani, hutoa ratili moja ya kavu. Anayehesabu gunia lake siku ya kuchuma, akaenda kukopa kwa hesabu hiyo, atafilisika kwa mkono wake mwenyewe. Watu waliokuja mkutanoni ni karafuu mbichi. Wamekuja kwa mapenzi, na wengine kwa udadisi, na wengine kwa kuwa mkutano ulikuwa karibu na nyumba zao. Kavu ni wale waliojiandikisha katika daftari la wapiga kura, wakahakikisha majina yao, wakajua kituo chao, wakalipa ada yao, na wakarudi wiki ya pili palipokuwa hapana muziki. Tawi na lituletee hesabu ya kavu.

Kadhalika kadi. Kadi elfu zilizogawiwa ni khabari ya mfuko kuisha. Tuambiwe wangapi kati ya wenye kadi wamehudhuria, wangapi wamelipa, wangapi wamehama. Kadhalika michango. Fedha zilizokusanywa kwa ajili ya wagonjwa na wafiwa zikisomwa mbele ya wanachama, na risiti zikaonyeshwa, hapo shahidi amepatikana. Zikikaa katika mfuko wa kanzu ya mtu mmoja, hata awe mtu mwema kiasi gani, shahidi hakuna.

Kwa sababu hiyo twatoa shauri hili kwa Kamati na kwa matawi yote. Kila taarifa ya tawi iandikwe kwa mafungu manne, kwa lugha nyepesi ambayo kila mtu aifahamu. Fungu la kwanza: tuliahidi nini, na lini? Fungu la pili: tumejaza kiasi gani cha ahadi hiyo, kwa hesabu? Fungu la tatu: kimepungua nini, na nani aliyekuwa na kazi hiyo? Fungu la nne: ni nani asiyekuwa kiongozi wa tawi aliyekagua akathibitisha? Neno "mafanikio" lisitumike kabisa mpaka fungu la nne litiwe saini.

Wako watakaosema kwamba tukiandika upungufu wetu kwa mikono yetu, wapinzani wetu watausoma na watatucheka. Twajibu hivi. Upungufu wetu wanaujua tayari, maana wanaishi nasi mtaa mmoja na wananunua katika maduka yale yale. Wasioujua ni wanachama wetu wa mbali, ambao hutuamini kwa karatasi hizi. Hao ndio wenye haki ya kwanza ya kuambiwa. Tena chama kinachotaka kukabidhiwa hesabu ya nchi, na hesabu ya tawi moja hakiwezi kuisoma hadharani, kwa mizani gani kitataka kuaminiwa? Anayetaka kuwapima wengine kwa masharti matatu na ajipime nafsi yake kwayo kwanza.

Wala hatuwaambii watu wasifurahi. Kuna mambo yaliyotimia katika nchi hii na katika chama hiki, na yaliyotimia husemwa kwa sauti bila ya haya, awe aliyeyatimiza ni wetu au si wetu. Kumnyima mtu sifa aliyoistahiki ni kupunja mizani vile vile. Tunachokikataa ni kumgawia sifa asiyejaza kibaba, kwa kuwa sifa ya bure humwibia yule aliyekijaza.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, atakapokuja mtu mbele yenu, awe amevaa rangi zao au rangi zetu, akasema kwamba ametimiza, msimzomee na msimpigie makofi. Muulizeni kwa adabu maswali matatu: kipimo chako ulikiweka lini, kimebaki nini, na shahidi wako ni nani? Akiyajibu, mpigieni makofi kwa mikono miwili. Asipoyajibu, mwambieni arudi akajaze, nanyi mtamngoja.

Wabillahi tawfiq.